Bwana Mwema Bado ni Bwana: Philip Pettit na Swali la Uhuru

Mada hii iliwasilishwa kwenye darasa la itikadi la vijana wa chama. Tumeiweka kama ilivyosemwa, tumepunguza tu marudio.



Nimeombwa nizungumze juu ya mtu mmoja na wazo lake moja. Mtu mwenyewe anaitwa Philip Pettit, mwanafalsafa wa siasa kutoka Ireland, bado yuko hai na bado anaandika. Naona wengine mnaangaliana: sisi na Ireland wapi na wapi? Jibu nalitoa mapema ili tusilaumiane mwishoni.

Mwaka 2000, kule Hispania, chama cha upinzani cha Kisoshalisti kilikuwa kimetoka kuchapwa vibaya kwenye uchaguzi. Wapinzani wao walikuwa wamepata wingi kamili bungeni. Chama kikafanya mkutano mkuu na kikamchagua kiongozi wa miaka 39, José Luis Rodríguez Zapatero, aliyeshinda kwa tofauti ya kura tisa tu. Sasa kiongozi kijana, chama kimeduwaa, watu wanauliza: nyie mnasimamia nini hasa zaidi ya kuwapinga walioko madarakani? Zapatero akaanza kukitaja kitabu cha Pettit kama dira yake. Mwaka 2004 akawa waziri mkuu.

Sijasema kitabu ndicho kilichompa ushindi. Uchaguzi ule ulifanyika siku tatu baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, na serikali iliyokuwepo ililipa gharama ya jinsi ilivyolieleza taifa kuhusu nani aliyehusika. Ninachosema ni hiki: chama cha upinzani kilipoulizwa kinataka nini, kilikuwa na jibu lenye mizizi. Je, sisi tunalo? Hilo ndilo swali la leo.

Ametokea wapi

Pettit alizaliwa mwaka 1945 Ballygar, mji mdogo wa County Galway, magharibi mwa Ireland. Alisoma Maynooth, chuo kilichokuwa pia seminari kuu ya Kanisa Katoliki nchini humo, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye njia ya upadre. Hakuifikisha mwisho. Akaenda Belfast, akapata shahada ya udaktari Queen's University mwaka 1970. Amefundisha Dublin, Cambridge na Bradford. Mwaka 1983 akahamia Australia, Chuo Kikuu cha Taifa kule Canberra, na mwaka 2002 akaanza pia kufundisha Princeton, Marekani.

Msidhani alianza na siasa. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1969, kilihusu fenomenolojia, ile falsafa ya kuchunguza jinsi mambo yanavyojitokeza katika fahamu zetu. Alivutiwa na Wafaransa, Sartre akiwemo. Siasa ilikuja kwa kukutana na watu. Kule Canberra alifanya kazi na John Braithwaite, mtaalamu wa masuala ya uhalifu, wakaandika pamoja mwaka 1990 kitabu juu ya haki jinai. Swali lao: dola inapomwadhibu mtu, inalinda kitu gani? Wakajibu: inalinda hadhi ya raia, ile hali ya mtu kuishi bila kuwa chini ya rehema za mwingine. Halafu kulikuwa na kazi za mwanahistoria wa Cambridge, Quentin Skinner, aliyekuwa akimsoma upya Machiavelli na kugundua kwamba watu wa zamani walipotamka neno uhuru, walimaanisha kitu ambacho sisi tumekisahau.

Na kuna seminari. Kwenye utangulizi wa kitabu chake kikuu, *Republicanism*, kilichotoka mwaka 1997, Pettit anayagusa maisha yale. Hayatukani. Anakiri yalimpa mengi. Lakini anajua ladha ya kuishi chini ya wakubwa usioweza kuwatazama machoni. Mtu aliyeonja hilo haandiki juu ya uhuru kama anayeandika juu ya hali ya hewa.

Nifafanue jambo moja kabla halijatuchanganya. Ukisema "ripablikani" Ireland, watu wanafikiri wanaotaka kisiwa chote kiwe nchi moja. Ukisema Marekani, wanafikiri chama cha Republican. Ujamhuri wa Pettit si huo wala huo. Unatoka Roma ya kale, ukapitia miji ya Italia, ukapitia Uingereza ya karne ya 17 na mapinduzi ya Marekani.

Wazo lenyewe

Twende taratibu hapa, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo.

Mwaka 1958, pale Oxford, Isaiah Berlin alitoa mhadhara maarufu juu ya aina mbili za uhuru. Uhuru aliouona salama zaidi ni ule wa kutoingiliwa: uko huru kadiri watu wengine wasivyokuzuia. Berlin alikuwa mkweli, akakubali matokeo ya hoja yake: kwa maana hiyo, unaweza kuwa huru hata chini ya mtawala wa kiimla, ili mradi awe mpole na akuache ufanye mambo yako.

Pettit anasema hapana, hapo tumepotea. Chukua mtumwa mwenye bwana mwema. Bwana hampigi, hamtumikishi kupita kiasi, anamwachia aende sokoni, aoe, acheke. Ukipima kwa kipimo cha kutoingiliwa, huyu mtumwa yuko huru kuliko vibarua wengi. Lakini ni mtumwa! Kila anachofanya anakifanya kwa sababu bwana ameridhia. Kesho bwana akiamka vibaya, yote yanaisha, na hakuna pa kwenda kulalamika. Kwa hiyo kinachoondoa uhuru hakianzi siku fimbo inapotua mgongoni. Kipo tangu pale fimbo ilipo mkononi mwa mtu asiyewajibika kwako.

Mfano anaoupenda ni wa Nora, mwanamke katika tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879. Mume wake, Torvald, ni mtu wa benki, anampenda na kumdekeza. Nora hakosi kitu. Ila kwa sheria na desturi za wakati ule, mume ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila kitu, hata vitafunwa anavyokula mkewe. Pettit anauliza: Nora yuko huru? Kama jibu lako ni "ndiyo, kwa kuwa mume hamkatazi mengi," basi umeshakubali kwamba uhuru wa mtu unaweza kuwekwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Sisi wenye Kiswahili hatuhitaji Kilatini kulielewa hili. Warumi waligawa watu: huru na mtumwa, na mtumwa ni yule aliye chini ya bwana. Pwani yetu nayo ilikuwa na neno lake: mwungwana. Leo ukisema "kuwa mwungwana bwana" unamaanisha awe mstaarabu, awe na adabu. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Maana ya kwanza imefifia, imebaki ya adabu. Ni kama tumeambiwa: uhuru mtausahau, adabu ndiyo mbaki nayo.

Na tusijidanganye hapo. Waungwana wa pwani waliishi kwa jasho la watumwa, sawasawa na Warumi waliotunga maneno matamu juu ya uhuru. Pettit analijua hilo, na ana maelezo yake. Anasema wazo la kale la uhuru lilitupwa mwishoni mwa karne ya 18, na watu kama Jeremy Bentham na William Paley walichangia kuliweka kando. Sababu mojawapo ni gharama. Uhuru wa kutokuwa na bwana ulipokuwa wa wanaume wachache wenye mali, ulilipika. Ilipoanza kusemwa kwamba wanawake na vibarua nao ni watu kamili, ikawa rahisi zaidi kuupunguza uhuru wenyewe kuliko kumgawia kila mtu uhuru mzito. Mradi wake wote ni kukataa mpango huo: uhuru ubaki mzito, na uwe wa wote.

Ruhusa na haki

Wakati makoloni ya Marekani yanagombana na Uingereza, wapo waliosema: kodi yenyewe ni ndogo, kelele za nini? Pettit anapenda jibu la Joseph Priestley, mwanasayansi na mchungaji wa Kiingereza aliyewaunga mkono wakoloni wale. Kwa ufupi: anayeweza kukutoza senti moja bila idhini yako, anaweza kukutoza hata senti yako ya mwisho. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ana mkono mfukoni mwako, na amewekwa na nani.

Tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa. Januari 2023 Rais akatangaza kuondoa zuio. Haki ya chama kufanya mikutano ilikuwa imeandikwa kwenye sheria kabla ya zuio na wakati wa zuio. Iliondoka kwa tamko, ikarudi kwa tamko. Wengi tulishukuru, na kushukuru si vibaya. Lakini Pettit angetuuliza: mnachoshukuru ni haki au ni ruhusa? Kama kinaweza kurudi kwa hisani, kinaweza kuondoka kwa hasira. Tukisherehekea kana kwamba tumefika, tutakuwa tumeridhika na bwana kuwa na tabasamu.

Sasa mwingine ataniuliza: kwa hoja hiyo, si kila sheria ni utumwa? Serikali yoyote inaingilia maisha yetu. Pettit anajibu kwa mfano wa mtu aliyempa mwenzake ufunguo wa kabati la pombe. Mimi nautafsiri kwa kibubu. Umempa dada yako kibubu chako akutunzie, ukamwambia: hata nikikuomba kwa kulia, usinipe hela mpaka ipite siku nzima. Jumamosi unamwomba, anakataa. Amekuingilia? Ndiyo. Amekuwa bwana wako? Hapana, anatekeleza masharti yako mwenyewe. Sheria inaweza kuwa hivyo, iwapo tu wanaotawaliwa nayo wana udhibiti wa kweli, na wa sawa, juu ya wanaoitunga. Ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 2012 kinaitwa *On the People's Terms*, yaani kwa masharti ya wananchi.

Mitihani miwili

Pettit anatupa vipimo viwili ambavyo kijana yeyote anaweza kutembea navyo.

Cha kwanza ni mtihani wa macho. Katika jamii huru, unaweza kumtazama mwenzako usoni bila woga na bila kujipendekeza, awe mwajiri, askari, mwenye nyumba au kiongozi. Hapa kwetu tuwe waangalifu, kwa sababu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, na heshima ni kitu chema. Lakini heshima unaitoa mwenyewe, woga unachukuliwa. Mzee unayemwamkia shikamoo hana uwezo wa kukufukuza kazi usipomwamkia. Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, jiulize: nisipoinama, nini kitanipata?

Cha pili ni mtihani wa bahati mbaya. Uamuzi wa umma umekuangukia vibaya: barabara imepita kwako, sera imekukosesha, umeshindwa kura. Je, unaweza kusema kwa haki, "leo bahati haikuwa yangu," ukijua mchezo ulikuwa wa haki na kesho inaweza kuwa zamu yako? Au unajua kabisa kwamba kuna mkono umekulenga? Mnaoshiriki uchaguzi mnaelewa tofauti hiyo kuliko profesa yeyote. Kushindwa hakuui demokrasia. Kinachoiua ni pale aliyeshindwa asipoweza kuamini kwamba ameshindwa tu.

Na kwa sababu hiyo uchaguzi peke yake hautoshi. Kwa Pettit, wananchi ni waandishi na ni wahariri pia. Kura inakufanya mwandishi: unasema nani aongoze. Uhariri unafanyika miaka mitano yote: mahakama zinazosikiliza, vyombo vya habari, vyama vya wafanyakazi, upatikanaji wa taarifa, watu wanaohoji. Mnyonge hana haki, tunasema. Kazi ya taasisi ni kuufanya msemo huo uwe uongo.

Hispania: mafanikio na mwisho wake

Turudi kwa Zapatero. Julai 2004 Pettit alialikwa Madrid kutoa mhadhara mbele yake. Zapatero akamwambia, kwa maana hiyohiyo, basi uje kabla ya uchaguzi ujao utukague. Mwaka 2007 akarudi akatoa tathmini, na alama alizompa zilikuwa za juu. Habari hiyo ameiandika pamoja na José Luis Martí katika kitabu cha mwaka 2010.

Ni mambo gani yaliyofanyika? Desemba 2004 ilipitishwa sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia, yaani akina Nora wa Hispania. Mwaka 2005 wahamiaji zaidi ya laki tano waliokuwa wakifanya kazi bila vibali walirasimishwa. Mtu asiye na karatasi hawezi kumtazama mwajiri wake machoni, anaweza kuripotiwa wakati wowote. Mwaka 2006 ikaja sheria ya kuwahudumia wasiojiweza. Na mwaka huohuo, sikilizeni hili, ikaja sheria ya shirika la utangazaji la umma: mkuu wake asiteuliwe tena na serikali, achaguliwe bungeni kwa theluthi mbili ya kura. Chama kilichoingia madarakani kilijivua chenyewe kijiti cha kuchapia wapinzani wake. Tutakaposema tutafanya hivyo tukishika dola, tuulizane kama tunamaanisha.

Lakini hadithi haina mwisho mtamu. Msukosuko wa uchumi ulipoipiga Hispania, mwaka 2010 serikali ileile ikaanza kubana matumizi. Mei 2011 vijana wakajaa kwenye viwanja vya miji wakisema hawawakilishwi. Mwaka huohuo vyama viwili vikubwa vikakubaliana kubadili ibara ya 135 ya katiba kuhusu nakisi ya bajeti, harakaharaka, bila kura ya maoni. Novemba chama kikashindwa vibaya. Na mwaka 2012 serikali mpya ikalegeza sharti la theluthi mbili kule kwenye utangazaji.

Mimi nachukua mafunzo mawili hapo. La kwanza, serikali inaweza kuwaondolea watu mabwana wadogo nyumbani na kazini, halafu yenyewe ikajikuta ina bwana: wadai wake. Wapo wakosoaji wa Pettit wanaosema nadharia yake inamwona vizuri bwana mwenye sura na jina, ila inapata tabu na soko, ambalo halina uso wa kutazamwa. Nadhani wana hoja. Wengine, kama Ian Carter na Matthew Kramer, wanasema kipimo cha kutoingiliwa kinatosha ukihesabu pia uwezekano wa kuingiliwa kesho. Hapo sikubaliani nao. Bwana ambaye hakika hatakupiga kamwe bado ni bwana. La pili, ngao inayoweza kuondolewa na yeyote atakayeingia ni ngao ya muda. Ndiyo maana katiba ni ugomvi wa maana.

Na ndani ya chama?

Nimalizie kwetu, maana falsafa isiyoingia nyumbani kwako ni mapambo.

Mwaka 2011 Pettit na Christian List walichapisha kitabu juu ya makundi yanayoamua kama mtu mmoja: kampuni, mahakama, vyama. Kuna fumbo humo. Chukua kamati ya watu watatu. Wanaamua kama wakate rufaa, na rufaa inahitaji mambo mawili: katiba ya chama imevunjwa, na ushahidi unatosha. Wa kwanza anasema yote mawili ndiyo. Wa pili anasema imevunjwa, ila ushahidi hautoshi. Wa tatu anasema ushahidi upo, ila haikuvunjwa. Ukipiga kura swali kwa swali, wawili kwa mmoja wanasema imevunjwa, wawili kwa mmoja wanasema ushahidi upo. Kwa hiyo rufaa ikatwe! Ukipiga kura moja kwa moja juu ya rufaa, wawili kwa mmoja wanaikataa.

Watu walewale, maoni yaleyale, majibu mawili tofauti. Sasa nani ameamua? Ni yule aliyechagua swali lipi lipigiwe kura. Kiongozi anayepanga ajenda peke yake anaweza kuwa bwana wa chama bila kuvunja kanuni hata moja, na tukampigia makofi.

Kwa hiyo mtihani wa macho tuuanzie hapa. Katibu wa tawi anaweza kumwambia mwenyekiti wa taifa "hapana" na Jumatatu akaamka bado ni katibu? Aliyegombea ndani ya chama akashindwa, anaweza kusema bahati haikuwa yangu? Kama jibu ni hapana, basi tunachokililia dhidi ya dola tunakilea wenyewe, na siku tukiingia ikulu tutakuwa tumebadilisha bwana tu.

Nimeona kwenye ratiba kwamba baada ya mapumziko kuna kipindi cha marekebisho ya kanuni za vijana. Napendekeza kitu kimoja kiingizwe: mjumbe yeyote akiungwa mkono na idadi mtakayokubaliana, aweze kuingiza ajenda bila kuomba ruhusa ya ofisi. Ni kifungu kidogo. Kipigieni kura mchana huu huu.

Karibuni kwa maswali, na mnitazame machoni mnapouliza.